Mashine Iliyowahi Mno

Mtoto akiambiwa na mama yake, "Hesabu mpaka mia tatu, kisha uepue wali," wali huo utaiva kwa kadiri ya ulimi wake. Siku atakayojua kuhesabu mbio, nyumba nzima itakula mchele. Hivyo ndivyo ninavyouelewa mkasa uliozipata kompyuta nyingi mwaka 1998, nao hunijia kila nisikiapo mtu akisema kwamba mashine mpya huondoa matatizo ya zamani.

Windows 95 ilitolewa tarehe 24 Agosti 1995. Wakati huo Pentium ya kasi kuliko zote ilikwenda megahezi 133. Ndani ya programu hiyo zilikuwamo sehemu ndogo zilizohitaji kujua mashine ina mbio kiasi gani, ili zijue namna ya kuvisubiri vifaa vinavyokawia. Njia iliyotumika ni ile ya mtoto wa wali: prosesa ilizungushwa bure mara nyingi, muda uliopita ukapimwa, kisha ikafuata hesabu ya kugawanya. Haikutarajiwa kwamba muda huo ungekuwa mfupi hata uhesabike kuwa sifuri. Na kugawanya kwa sifuri, kama tulivyofundishwa shuleni, hakuna jibu.

AMD ilipotoa K6-2 mwaka 1998, agizo lile la kuzunguka lilikuwa limefanywa jepesi mno. Kasi ilipofika megahezi 350, Windows 95 ikaanza kukwama kabla haijamaliza kuwaka, ikiacha maneno makavu kuhusu hitilafu ya ulinzi. Pentium II ya Intel, yenye megahezi 350 hizo hizo, ilipita salama, kwa kuwa ililitekeleza agizo hilo polepole zaidi! Tena haikuwa kila mara: asubuhi inawaka, jioni inagoma.

Hebu mfikirie mwenye mashine. Amejinyima, amebadilisha prosesa, na kazi zake za miaka yote zimo humo ndani. Atamlaumu nani kama si mgeni aliyeingia jana? Kwangu mimi hukumu hiyo haikuwa ya haki. Prosesa ilifanya ilichoagizwa, ila iliwahi. Microsoft ilitoa marekebisho, lakini prosesa zilipovuka gigahezi 2.1, sehemu ya Windows 95 inayoshughulikia mtandao ikaanguka kwa kosa la namna ile ile.

Watengenezaji wa miaka ya 1980 walilijua jambo hili. Michezo mingi ilikuwa imetungwa kwa mwendo wa IBM PC ya mwaka 1981, yaani megahezi 4.77, na kwenye mashine za kasi zaidi ilikimbia hata isichezeke. Basi wakaweka mbele ya sanduku kitufe kilichoitwa "turbo". Jina lenyewe lilidanganya, maana faida yake hasa ilikuwa kupunguza mwendo. Nami nilikibonyeza mara nyingi nikidhani ninaongeza. Kufikia mwaka 1998 masanduku mengi mapya hayakuwa nacho tena.