Spika imepasuka, Spika amekasirika

Kiswahili cha Arua na Koboko, Uganda, kilipitia kambini na sokoni. Koboko inapakana na Kongo na Sudan Kusini, na Rais Idi Amin, ambaye kwa baba alikuwa Mkakwa wa huko, alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973.

Kutoka Kiswahili hicho, neno la leo ni spika. Wenye kamusi hutaka tuseme kipaza sauti, lakini hicho hicho ni maikrofoni pia. Agiza kwa simu uone utakacholetewa. Spika nayo ina pacha wake bungeni. Upatanisho wa kisarufi ndio unaowatenganisha: Spika wa Bunge amekasirika, spika ya redio imepasuka.

Na za zamani hupasuka kweli. Koni ya karatasi hudumu. Kinachooza ni ukingo wa sponji, hasa katika spika za miaka ya 1970 na 1980. Fundi hukwangua gundi, hubandika ukingo mpya, kisha huisukuma koni kwa vidole, taratibu. Ikikwaruza, koili haijakaa katikati.

Anayebadilisha amplifaya asome kwanza namba ya omu iliyo nyuma ya kasha la spika. Amplifaya ya omu 8 ikifungiwa spika za omu 4, na sauti ikapandishwa, huweza kupata joto kupita kiasi na kuharibika.