Upakaji rangi wa Gram

Upakaji rangi wa Gram ni kipimo cha maabara kinachogawa bakteria katika makundi mawili makubwa kwa kufuata muundo wa ukuta wa seli. Kilibuniwa na daktari wa Denmark, Hans Christian Gram (1853–1938), alipokuwa Berlin akifanya kazi na Carl Friedländer, na kilichapishwa mwaka 1884. Gram hakuwa akitafuta njia ya kuainisha bakteria. Alitaka tu waonekane vizuri katika vipande vya mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia.

Sampuli hupakwa kwenye slaidi, hukaushwa na kupitishwa juu ya moto ili ishike. Humwagiwa rangi ya zambarau, kisha iodini, ambayo huungana na rangi hiyo ndani ya seli. Baadaye huoshwa kwa alkoholi, na hapa ndipo jibu linapopatikana. Bakteria wa Gram-chanya, kama wa kimeta na Staphylococcus aureus, wana ukuta mnene wa peptidoglikani, yaani matabaka ya sukari yaliyofungamanishwa kwa asidi amino. Alkoholi huukausha ukuta huo, matundu yake yakabana, na zambarau ikanaswa ndani. Bakteria wa Gram-hasi, kama wa kipindupindu, homa ya matumbo na kisonono, wana tabaka jembamba tu la peptidoglikani, lililofunikwa na utando wa nje. Alkoholi huuyeyusha utando huo na rangi hutoka. Hatimaye hutiwa rangi nyekundu ya safranini, nao huonekana wekundu au waridi. Mpimaji akizidisha muda wa alkoholi, hata Gram-chanya hupoteza zambarau na jibu huwa la uongo.

Utando huo wa nje una uzito mkubwa katika tiba. Huzuia baadhi ya dawa zisiingie: vankomaisini, kwa mfano, ina molekuli kubwa mno kupenya. Tena una lipopolisakaridi, sumu ambayo ikienea katika damu huweza kushusha shinikizo la damu hadi mgonjwa akafa. Kwa hiyo, mtu anayeshukiwa kuwa na homa ya uti wa mgongo, majimaji ya uti wake yakipakwa rangi, daktari huweza kupata mwongozo wa dawa siku hiyohiyo, wakati kuotesha bakteria huchukua siku moja au zaidi.

Wapo wasioingia katika mgawanyo huu. Bakteria wa kifua kikuu wana ukuta wenye nta, hivyo makohozi hupimwa kwa njia nyingine ya upakaji rangi, ya Ziehl-Neelsen. Mycoplasma hawana ukuta kabisa. Penisilini, inayoshambulia ujenzi wa ukuta, haiwadhuru. Bakteria wa kaswende ni wembamba mno kuonekana kwa kipimo cha Gram.

Rangi pekee haithibitishi undugu wa bakteria. Tangu kazi ya mwanabiolojia Carl Woese katika miaka ya 1970, nasaba yao hufuatiliwa kwa kulinganisha RNA ya ribosomu, lakini hospitalini kipimo cha Gram bado ni miongoni mwa vipimo vya kwanza kufanywa.