Hadithi za Watoto Kuhusu Zama za Mawe

Vitabu vya historia vilivyosomeshwa enzi za ukoloni vilianza habari za nchi yetu pale wageni walipotia nanga. Yaliyotangulia yalihesabiwa kuwa ni giza, kana kwamba ardhi hii ilikuwa ikiwangoja wenyewe waje kutoka ng'ambo. Baada ya Uhuru, mwaka 1961, kosa hilo lilianza kusahihishwa, na leo Zama za Mawe zina mahali pake katika somo la historia. Lakini mtoto haipendi historia kwa kukariri tarehe. Huipenda anapomwona mtu akitembea, akiona njaa, akiogopa na kucheka. Kwa hiyo tunazihitaji hadithi za zama hizo, tena zilizoandikwa kwa Kiswahili. Ugumu wake ni kwamba zama hizo hazina maandishi, masimulizi ya wazee hayafiki huko, wala halijulikani jina la mtu hata mmoja aliyeishi wakati huo. Mwandishi ataandika nini basi, asije akawadanganya watoto?

Shahidi wake wa kwanza ni ardhi. Mwaka 1978, huko Laetoli, kusini mwa Olduvai, watafiti waliokuwa wakiongozwa na Mary Leakey walifukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Majivu ya volkano yalikuwa yametanda juu ya nchi, manyunyu ya mvua yakayalowesha, viumbe wakapita yangali laini, kisha majivu mengine yakazifunika nyayo zao. Msururu wake una urefu wa mita 27 hivi. Kuna nyayo za mmoja mdogo, na kando yake nyayo za mkubwa. Na ndani ya nyayo za huyo mkubwa yumo mwingine aliyekanyaga palepale alipokanyaga mwenzake. Twiga, kanga na sungura nao waliacha alama zao, na hata matone ya mvua yangali yakionekana. Mwaka 2015 watafiti wa Kitanzania walikuta nyayo za watembeaji wengine wawili, karibu mita 150 tu kutoka pale.

Hayo ndiyo yaliyosemwa na ardhi. Haikusema kama yule mdogo alikuwa mtoto, wala kama walishikana mikono, wala kama walikuwa wakilikimbia lile volkano. Mwandishi wa hadithi ana ruhusa ya kujaza nafasi hizo, kwani bila ya kuzijaza hakuna hadithi. Asichoruhusiwa ni kuipinga ardhi. Asiwape watembeaji wa Laetoli shoka la jiwe, kwa kuwa zana za mawe za kale kuliko zote zinazojulikana mpaka sasa, zile za Lomekwi, magharibi ya Ziwa Turkana nchini Kenya, zina umri wa miaka milioni 3.3 hivi, nazo ni za baada yao. Asiwakalishe kuota moto pia, maana hakuna dalili yoyote ya moto waliouwasha.

Makosa ya namna hii huingia kwa urahisi hata katika hadithi za zama za karibu zaidi. Mama wa hadithini hutwanga mahindi au humenya mihogo, hali mazao hayo yalitoka Amerika, wala hayakujulikana barani mwetu ila katika miaka mia tano hii ya mwisho. Mwindaji hupewa mkuki wa chuma, na mtoto hutumwa kuchunga ng'ombe, kabla ya chuma kufuliwa na kabla ya mifugo kufika. Mtoto asomaye hawezi kuyagundua makosa hayo, naye atakua akiamini kwamba maisha ya shamba la babu yake yamekuwa hivyo tangu dunia kuumbwa.

Lugha yenyewe nayo ina mitego. Tukisema jiwe lilikuwa kali kama wembe, tumekwisha kuingiza chuma. Tukisema wingu lilikuwa jeupe kama pamba, tumeingiza kilimo. Mtu wa kale hawezi kungoja dakika tano, wala kuomba samahani, wala kuamkia kwa shikamoo. Hatusemi kwamba mwandishi ayakwepe maneno yote yenye asili ya Kiarabu, kwani hapo hataweza kuandika ukurasa mmoja wa Kiswahili. Msimulizi atumie lugha yake yote. Lakini mifano na salamu za wahusika zitoke katika yale waliyoweza kuyaona: jiwe, mfupa, mvua, mnyama na nyota.

Hata hivyo kosa lililo baya kuliko hayo yote ni kuwafanya watu wa kale kuwa wajinga. Hadithi nyingi huwaonyesha wakinguruma na kupigana marungu. Huko ni kulirudisha lile giza la vitabu vya ukoloni kwa mlango wa nyuma. Aliyechonga shoka la jiwe la Isimila, karibu na Iringa, alilichagua jiwe, akakisia pembe ya pigo, akachonga pande zote mbili hadi zikalingana. Aliyechora pofu na twiga kwa rangi nyekundu katika miamba ya Kolo, Kondoa, alikuwa amewatazama wanyama wale kwa makini sana. Watu wa namna hiyo wanastahili kupewa fikra na huzuni katika hadithi zetu.

Vilevile tusiwachukue Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi tukawafanya vielelezo vya mtu wa kale. Mhadzabe ni mwananchi wa leo, mwenye historia ndefu sawa na ya kila mmoja wetu. Wala tusimwite babu yetu yule wa Olduvai ambaye fuvu lake liligunduliwa mwaka 1959 na kupewa jina la Zinjanthropus, kutokana na jina la kale la pwani hii. Aliishi yapata miaka milioni 1.75 iliyopita, na jamii yake ilitoweka bila ya kuacha kizazi.

Tunapendekeza kwamba kila hadithi ya zama hizo imalizike kwa ukurasa mmoja unaoeleza lipi limetokana na uchimbaji na lipi limebuniwa na mwandishi. Ukurasa huo hautaipunguzia hadithi ladha yake. Utampa mwalimu mahali pa kuanzia mazungumzo darasani, na utamzoesha mwanafunzi kuuliza: jambo hili limejulikanaje? Zana za Isimila zilitambuliwa mwaka 1951, baada ya mwanafunzi mmoja wa Afrika Kusini aliyekuwa safarini kuziokota na kwenda nazo. Hapana shaka wengi walikuwa wamepita pale kabla yake. Tungependa watakaookota mengine, na kuyaacha hapa nchini, wawe watoto wetu waliokwisha kujifunza katika hadithi kwamba mawe yana habari.