Habari Isiyo na Tamati

Kabla simu ya kiganjani haijawa gazeti, ushairi ulikuwa miongoni mwa wabeba habari wa pwani yetu. Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, aliyefariki Mombasa takriban mwaka 1840, hakutunga kwa ajili ya maktaba. Tungo zake nyingi zilizuka katikati ya mvutano baina ya Wamazrui waliotawala Mombasa na Seyyid Said wa Omani. Zilikuwa onyo, majigambo, mafumbo na majibu. Zilipita kinywa kwa kinywa, na aliyetaka kujua mji unawaza nini aliyatega masikio kwake.

Muyaka hakuwa mwandishi asiyeegemea upande. Alikuwa mtu wa Mombasa, na kila msikilizaji alilijua hilo. Hapo ndipo penye siri ya habari za kale: jina la msemaji halikuwa dhamana ya ukweli, bali lilimpa msikilizaji mizani ya kuupimia. Aliyesema alifahamika, upande wake ulifahamika, na aliyetaka kumjibu alijua pa kumpata.

Tenzi zililifanya jambo hilo kuwa kanuni. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alisimulia kwa utenzi vita vya Wadachi vya kuitamalaki Mrima, na kazi hiyo inajulikana kwa mwaka wake, 1307 wa Hijria. Tenzi nyingi za namna hiyo hufungwa kwa tamati: mtunzi hujitaja, hutaja tarehe, na mara nyingi huhesabu beti zake. Baadhi yetu huisoma hesabu hiyo kama pambo. La hasha! Ilikuwa kufuli. Mnukuzi aliyeruka ubeti, au aliyechomeka wa kwake, aliumbuliwa na idadi.

Magazeti ya Kiswahili yaliurithi utaratibu huo. *Msimulizi* lilianza Unguja mwaka 1888, na *Mambo Leo* likaanza Dar es Salaam mwaka 1923. Katika kurasa za mashairi, malenga walimwomba mhariri nafasi, wakataja majina au lakabu zao pamoja na miji yao, kisha wakauliza na kulumbana. Jibu lilingojwa toleo lijalo. Kungoja huko nako kulikuwa na faida: hasira ilipoa, na hoja ikapata muda wa kuiva.

Leo wengi wetu hatuiendei habari, hutufuata. Huingia katika kundi sogozi la ukoo, la msikiti au la kanisa, ikiwa picha, sauti iliyorekodiwa, au aya ndefu isiyo na mwenyewe. Tunayemwona ni shangazi aliyeituma, nasi tunamwamini shangazi. Lakini shangazi si msemaji; ni mpitishaji tu. Imani tuliyo nayo kwake huhamia kwa mtu tusiyemjua, wala yeye hamjui.

Madhara yake yameonekana. Nchini India, mwaka 2018, uvumi wa uongo kuhusu watekaji wa watoto, ulioenea kwa WhatsApp, ulichochea makundi ya watu kuwaua wasio na hatia. Mwezi Julai mwaka huo WhatsApp ilianza kuutia alama ujumbe uliosambazwa. Mwezi Januari 2019 ikaweka kikomo duniani kote: ujumbe mmoja ungeweza kupelekwa kwa watu au makundi 5 tu kwa mara moja. Aprili 2020, wakati wa janga la korona, ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi ukaruhusiwa kwenda mahali pamoja tu kila mara. Hatua hizo zinapunguza kasi. Hata hivyo, alama ile inatuambia kwamba ujumbe umesafiri, haituambii ulikotoka.

Lugha yetu ilikwisha kuitambua tofauti hii. *Uvumi* unatokana na *kuvuma*, kama uvumavyo upepo, au nyuki, au ngoma ya mbali: sauti inasikika, mpigaji haonekani. Na wahenga waliposema kwamba mjumbe hauawi, walimzungumzia mjumbe mwenye uso, aliyetumwa na mtu anayetajika. Methali hiyo haikutungwa kumkinga asiyejua ametumwa na nani.

Sisi washairi tuna la kujitazamia. Mara ngapi tumelipokea shairi zuri lililokatwa jina la mtunzi, tukalipeleka mbele vivyo hivyo, kwa mapenzi kabisa? Tungo za Muyaka zilitufikia kwa kuwa Mwalimu Sikujua alizihifadhi kichwani, W. E. Taylor akazikusanya, na William Hichens akazichapisha mwaka 1940. Katika mikono yote hiyo jina la Muyaka halikudondoka.

Basi tuirudishe tamati. Ukipokea habari, mtafute msemaji wake, tarehe yake, na utimilifu wake: je, hakuna ubeti ulioongezwa, wala uliorukwa? Vitatu hivyo visipopatikana, iachie kwako. Si kila kilichofika mlangoni ni mgeni wa kumpeleka kwa jirani.