Gari la Mabosi Kwenye Mbio za Spa
Mwaka 1971, kwenye mbio za saa 24 za Spa, Ubelgiji, watazamaji waliona kioja: Mercedes 300 SEL jekundu, la milango minne, zito kupita tani moja na nusu, likiyapita magari mepesi kwenye sehemu zilizonyooka.

Waliolisuka upya walikuwa Hans Werner Aufrecht na Erhard Melcher, waanzilishi wa kampuni ya AMG. Karakana yao, waliyoianzisha mwaka 1967, ilikuwa kwenye kinu cha zamani huko Burgstall, Ujerumani. Injini ya V8 ya lita 6.3 waliipanua hadi 6.8, nguvu ikapanda kutoka farasi 250 hadi 428. Madigadi nayo yakatanuliwa ili matairi mapana yaenee.

Hans Heyer na Clemens Schickentanz walipokezana usukani. Gari lilikula mafuta na matairi bila huruma, likawa haliishi kusimama kuhudumiwa. Hata hivyo lilimaliza la pili, na la kwanza katika daraja lake.

Kisha likauzwa kwa kampuni ya Matra ya Ufaransa, likakatwa, likarefushwa na kutumika kujaribia vifaa vya ndege. (Mpenzi wa magari ya zamani hapa lazima aume meno.) Linaloonyeshwa siku hizi ni nakala.