Dumu Tupu Kwenye Foleni: Historia Fupi ya Kuweka Nafasi Mapema Katika Diski

Mtaani kwetu Kampala, maji yakikatika, foleni ya bombani huwa ya madumu kabla haijawa ya watu. Mtu hupanga dumu lake alfajiri, akaenda kwenye shughuli zake. Akirudi anatarajia mambo mawili: alikute mahali pake, na alikute tupu, si na mabaki ya maji ya mwenzake. Mambo hayo mawili ndiyo kiini cha historia ninayoieleza hapa, yaani historia ya kuweka nafasi mapema katika mifumo ya faili. Hoja yangu ni kwamba ahadi hiyo haikulindwa na ustadi wa waandishi wa programu peke yake, bali na desturi yao ya kupima upya, kila mara, yale waliyokwisha kuyasahihisha.

Niliingia katika mada hii kwa njia ya hasara. Mwaka jana nilimrekodi mzee mmoja kwa ajili ya utafiti wangu wa masimulizi. Programu niliyoitumia ilianza kuandika bila kuhakikisha kwamba nafasi inatosha. Diski ikajaa, faili likakatika katikati ya simulizi. Niliporudi kwa mzee, hakuwa tena na nguvu ya kusimulia. Tangu hapo nimejiuliza: kwa nini kompyuta haikunionya mwanzoni?

Kwa kawaida mfumo wa faili hutenga nafasi kadiri data zinavyofika. Kuweka nafasi mapema ni kuutaka utenge nafasi yote kabla ya kazi kuanza. Mfumo wa XFS, uliotolewa na kampuni ya Silicon Graphics mwaka 1994, ulikuja kuwa na njia yake wa kufanya hivyo. Mwaka 2001 kiwango cha POSIX kiliiweka rasmi kazi ya posix_fallocate. Katika Linux, pale ambapo mfumo wa faili haukuiweza kazi hiyo, maktaba ya C iliiga kwa kuandika baiti moja katika kila bloku, njia ya polepole sana kwa faili kubwa. Oktoba 2007 toleo la 2.6.23 la Linux lilileta wito wa fallocate, na mfumo wa ext4, ambao wakati huo ulikuwa bado unajengwa, ukautumia.

Kasi yake ilitokana na hila moja. Bloku hutengwa bila kuandikwa chochote, kisha hutiwa alama kwamba bado hazijaandikwa. Anayezisoma hupewa sifuri tupu. Lakini chini ya alama hiyo, diski huenda bado ina data za faili lililofutwa zamani, kwa sababu kufuta faili si kusafisha diski. Alama ikikosewa, siri ya mtu mwingine inafunuliwa.

Mwaka 2012 jambo hilo lilionekana waziwazi. Kasoro iliyosajiliwa kama CVE-2012-4508 ilionyesha kwamba katika ext4, shughuli mbili zikipishana vibaya, mtumiaji angeweza kusoma yaliyomo katika faili lililofutwa. Mwaka huohuo wasanidi wa Linux walibishana juu ya pendekezo la kuruhusu programu teule ziiache alama hiyo kabisa ili zipate kasi zaidi. Waliopinga walisema usalama wa data za watu haufai kuuzwa kwa kasi. Pendekezo halikuingizwa katika Linux kuu. Ilitengwa namba yake tu, nayo ikabaki dumu tupu kwenye foleni.

Ni nani basi hulinda alama hizo? Hapa ndipo majaribio yanapoingia. Mkusanyo wa xfstests ulianza Silicon Graphics kwa ajili ya XFS, kisha ukapanuliwa kupima ext4, Btrfs na mifumo mingine. Kila jaribio lina faili la majibu yanayotarajiwa. Matokeo yakitofautiana nalo, jaribio limeshindwa. Yapo yanayojaza diski kisha kuandika katika nafasi iliyowekwa, na yapo yanayoukata mfumo ghafla na kukagua kilichobaki. Ndani yake imo programu ya fsx, iliyoanzia kampuni ya NeXT mwaka 1991. Hii huandika, husoma na kukata faili kwa bahati nasibu, huku ikikumbuka kinachopaswa kuwemo.

Kazi hiyo haina mwisho, maana kila uwezo mpya hugusa ahadi ya zamani. Mwaka 2011 fallocate ilipata uwezo wa kutoboa shimo ndani ya faili; mwaka 2014, kuondoa kipande na kuziba pengo; mwaka 2015, kupenyeza nafasi katikati. Fsx nayo ilifundishwa kila uwezo. Hata hivyo, kutoboa mashimo katika ext4 kulizaa kasoro nyingine, CVE-2015-8839, iliyoweza kuharibu data za faili la mtumiaji mwingine. Ilirekebishwa katika toleo la 4.5.

Mtu anaweza kusema kwamba kasoro hiyo yathibitisha udhaifu wa majaribio. Ni kweli, kasoro za kupishana huweza kupita mara elfu bila kuonekana. Lakini jaribio linalorudiwa halidai kwamba hakuna kosa jipya. Linadai kwamba kosa tulilokwisha kulijua halijarudi. Kwa maana hiyo mkusanyo huo ni kama masimulizi ya mzee wangu: kumbukumbu ya yaliyowapata waliotangulia. Tofauti ni kwamba wao wanaisimulia upya kabla ya kila badiliko, nami simulizi langu nililirekodi mara moja tu.