Safu ya Lugha: Mkimbizi, Muhajiri na Raia
Hapa Mpanda, aghalabu mtu akisema kwamba kwao ni Katumba au Mishamo, makazi yaliyotengewa wakimbizi wa Burundi, msikilizaji humwita papo hapo “mkimbizi”, ilhali huyo aitwaye hivyo yamkini kitovu chake kimezikwa hukohuko, na wazee wake, walioyakimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, ni miongoni mwa watu zaidi ya 160,000 waliokubaliwa uraia wa Tanzania na kukabidhiwa hati kuanzia mwaka 2014. Mkimbizi ni mtu aliyeikimbia hatari akatafuta hifadhi ugenini. Hiyo ni hali, wala si kabila, nayo hukoma mtu apatapo uraia.

Muhajiri, neno la Kiarabu lenye nasaba moja na hijra, ni mwenye kuhama kwao, kwa hofu ama kwa hiari. Raia nalo asili yake ni Kiarabu, na hapo kale lilimaanisha walio chini ya ulinzi wa mtawala, mithili ya kundi na mchungaji wake (sifa ambayo wengi wetu leo tungeikataa). Sasa ni mwenye haki kamili katika nchi. Basi aitwaye mkimbizi na ajibu bila ghadhabu, “Mimi ni raia, mzalia wa Katumba”. Na aliyemwita, tafadhali, asimdai hati.